Mara ya Sita Kwenye Kalibu

Baba yangu alinipiga mara moja tu maishani, na alinipiga kwa sababu ya mawese.

Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, mawese yameganda kwenye kopo kama uji wa jana, nami nilikuwa na kazi moja: kuipaka bushi mafuta kabla haijaingia kwenye kalibu. Nilichota kwa vidole viwili nikapaka kwa ukarimu, kama mtu anayempaka mtoto baada ya kumwogesha. Baba akapampu jeki bila kutazama. Bushi ilipotokea upande wa pili ilikuwa na bonde ubavuni, bonde laini, kana kwamba mtu ameibonyeza kwa dole gumba ikiwa bado udongo. Mawese yaliyozidi hayakupata pa kukimbilia. Yalibanwa kati ya chuma na shaba, na mafuta yakibanwa hayasinyai, yanamsukuma aliye dhaifu. Kibao kikanitua begani.

"Mafuta ni ya kulainisha, si ya kuungia mboga!"

Nilikuwa darasa la sita. Kibao kile nilimsamehe baba siku ileile, kwa sababu alikuwa na haki. Ninachoandika hapa ni jambo jingine, ambalo sijamsamehe.

Bushi ni kibomba kifupi cha shaba, urefu wake hauzidi kidole. Ndani yake ndimo inamozunguka shafti, ule mtaimbo unaotoka kwenye injini ya boti kwenda kwenye pangaboi majini. Shafti ikizunguka miezi na miezi, shaba inalika kwa ndani, tundu linapanuka, shafti inaanza kucheza. Ikicheza, boti nzima inatetemeka na maji yanaanza kuingia pale inapotokea. Siku mbaya inakatika, na siku mbaya ziwani haichagui kuwa karibu na ufukwe. Bushi mpya hutoka mbali na huchelewa. Kwa hiyo kwenye banda letu pale Katonga, hatua chache kutoka wanakoanika dagaa, baba alikuwa akizirudisha zile kuukuu. Alikuwa na fremu aliyoiunga kwa vipande vya reli, jeki ya lori chini yake, na juu kalibu: pete nene ya chuma kigumu ambayo tundu lake ni pana mlangoni na linabana kidogo sana, upana wa unywele, kadiri unavyokwenda ndani. Bushi ikisukumwa humo kwa nguvu inabanwa pande zote na tundu lake linafunga. Baadaye anaichonga ndani ilingane na shafti, na kwa nje, kwa kuwa imekonda, anaivika bati jembamba la shaba ili ikae kwenye nyumba yake bila kucheza.

Hakujifunza kazi hiyo kwenye maboti. Ujanani alikuwa mfagizi wa kiwanja cha kulengea shabaha, mbali na Kigoma, na kazi yake ilikuwa kuokota maganda ya risasi za bastola. Maganda yale hayakutupwa. Yalipitishwa kwenye kalibu ndogo, yakajazwa tena, yakapigwa tena. Baba aliyazungumzia kwa namna ambayo watu wengine huzungumzia ng'ombe waliowahi kuwachunga. Ganda likipigwa linavimba, alisema, kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuitoa. Kalibu inalirudishia umbo. Lakini si umbo lilelile. Kule kitakoni, ambako shaba ni nene na kalibu haifiki, uvimbe unabaki. Na kalibu ikiwa na tundu dogo kupita kiasi, linakonda katikati, likiwekwa risasi linakuwa na kiuno cha nyigu. Kila likipita linakuwa gumu zaidi, na likishakuwa gumu halishiki tena umbo unalolipa: unalibana, linarudi nyuma. Unaweza kuipoza shaba hasira hiyo kwa kuichoma hadi inapoanza kuwaka wekundu hafifu kivulini, kisha unaitumbukiza majini. Inalainika. Lakini nayo ina mwisho. Alikuwa ameyaona maganda yaliyozidishwa yakipasuka kwa urefu, mikononi mwa watu.

Ndiyo maana aliweka sheria ya nukta. Kila bushi ikipita kwenye kalibu, inapigwa nukta moja ukingoni kwa panchi. Nukta nne, basi, inakwenda kuyeyushwa. Mvuvi yeyote wa kuanzia Kibirizi hadi Ujiji alijua kuzisoma nukta za baba, hata wale wasiojua kusoma kingine. Na mwenye kuzipiga nilikuwa mimi. Kwanza kwa sababu macho yangu yalikuwa makali, baadaye kwa mazoea, hata nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani kuandika riwaya ambayo majirani waliiita "yale mambo yako". Asubuhi naandika, mchana nashika panchi. Niliipenda kazi hiyo ya mchana kuliko nilivyokiri. Katika nchi ambayo karatasi zinaweza kusema chochote, ukingo wa bushi ulisema ukweli.

Rafiki mkubwa wa baba alikuwa mwenye boti mmoja wa Rusimbi. Babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, na baba ni Muha wa Mwandiga, basi tangu ujana wao walijitangazia utani wao wenyewe ambao haukuwa na likizo. Mimi nilimwita baba mdogo. Boti yake ilikuwa ikipeleka abiria na mizigo vijiji vya kusini, ambako barabara ni habari tu.

Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza ufukweni mama mdogo, mdogo wake wa mwisho mama yangu. Alikuwa anakwenda kwa mumewe na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Nilimkalisha juu ya godoro lake lililofungwa kwa kamba, kati ya mifuko ya saruji na kuku wa watu, nikamwambia boti itaondoka saa kumi. Nikaenda bandani.

Saa nane ikaja sauti kabla ya mtu.

"Muha! Bado hujafa?"

"Nife nani akusitiri, Mkongo wewe?" baba akajibu bila kuinua kichwa. "Ndugu zako wote wako ng'ambo wanacheza muziki."

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, mwandishi. Umeshaniandika, au unangoja nizeeke nipendeze?"

"Akikuandika," baba akasema, "kitabu kitanuka migebuka ya ziwani."

"Afadhali migebuka. Wewe akikuandika kitanuka maharage, na wasomaji watafungua madirisha."

Wakacheka. Akatoa bushi kwenye kitambaa, akaiweka mezani. Injini ilikuwa imefunguliwa, akasema, shafti inacheza, abiria wamekaa na jua linawaka, fanya hima. Baba akaichukua, akaizungusha mara moja, akaipaka mawese.

"Hatuichomi kwanza?" nikauliza.

"Hakuna muda," baba akajibu. "Ni mpya hii, ndiyo mara yake ya kwanza. Bado laini."

Nikaikaribia. Kweli, ukingoni hapakuwa na nukta. Lakini ukingo wenyewe uling'aa kuliko mwili, na niliona mikwaruzo midogo iliyokwenda upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na upepo. Tupa. Kabla sijasema neno, baba alikuwa ameshaanza kupampu jeki. Shaba laini hupita kwenye kalibu kimya; unasikia jeki tu. Hii ililia. Ililia kwa sauti nyembamba, kama mlango wa nyumba iliyohamwa, kisha ikachomokea upande wa pili kwenye kiganja cha baba.

Niliichukua nikaisimamisha dhidi ya rula ya chuma, nikaielekeza mlangoni penye mwanga. Bushi iliyotoka kwenye kalibu vizuri inalala kwenye rula bila kuacha nafasi. Hii iligusa rula juu na chini, na katikati mwanga ulipita. Midomo ilikuwa imerudi nyuma.

"Baba, ina kiuno."

"Weka chini."

"Ina kiuno cha nyigu. Mpya haitoki hivi. Hii imepita humu mara nyingi."

"Nimesema weka chini. Piga nukta moja, nianze kuichonga."

"Moja?"

Baba mdogo akacheka, masikini, akidhani ni mchezo wa baba na binti. "Mpigie baba yako mbili alale vizuri. Nukta ni nukta."

Basi nikamgeukia yeye. Naomba msomaji akumbuke kwamba nilimgeukia yeye, kwa sababu nimelikumbuka hilo kila siku.

"Baba mdogo, nani ameipiga tupa hii?"

"Tupa gani?"

"Ukingo huu. Zilikuwepo nukta, zimesuguliwa. Nani amezisugua?"

"Mimi, wallahi, tupa niliyonayo nyumbani ni ya kunolea panga." Tabasamu lilikuwa bado halijaondoka usoni. "Hiyo ilitoka kwenye mikono ya baba yako ikiwa hivyo hivyo, kabla ya Ramadhani. Bushi mpya. Mwulize."

"Usimsingizie baba yangu!"

"Binti yangu, taratibu."

"Nitakwendaje taratibu? Kuna watu kule wamekaa juu ya magodoro yao wanakungoja wewe! Yupo mama yangu mdogo, ana mtoto mgongoni! Unafuta nukta ili upate safari moja zaidi, halafu unakuja hapa kutucheka? Mtu mzima mwenye ndevu, mwongo!"

Neno mwongo sijawahi kulisema kwa mtu wa umri wake, kabla wala baada. Lilibaki pale bandani kama harufu. Baba alikuwa amesimama kando ya jeki, mkono kwenye mpini, anatazama sakafu.

"Piga nukta," akasema baba, kwa sauti ya chini. "Piga nukta moja, maneno yaishe."

Niliiweka bushi juu ya kipande cha reli. Wakadhani natii. Nikaacha panchi, nikachukua nyundo, nyundo ile ya kawaida ya kugongea misumari, nikaipiga bushi pigo moja la ubavuni. Pigo la nguvu ya kawaida. Shaba iliyo hai ingebonyea. Hii ilitoa mlio wa kijiti kikavu na ikapasuka kutoka mdomo hadi mdomo, kama ganda la karanga.

Baba mdogo akaruka. "Umenivunjia! Jamani, umenivunjia bushi, na safari je?"

"Tazama ilivyopasuka! Hii ungeifunga kwenye boti!"

"Mimi nilijuaje? Muha, sema na mwanao!"

"Si yeye," baba akasema.

Alisema kama mtu anayetaja saa. Tukamtazama wote wawili.

"Si yeye aliyesugua. Ni mimi. Kabla ya Ramadhani alikuja nayo ina nukta nne. Wewe ulikuwa Dar. Nilikuwa nimeshamwambia bushi mpya ipo, njoo uchukue. Haikuwepo, haikufika. Nikaipiga tupa, nikaipitisha tena, nikampa."

Ile ilikuwa mara ya tano. Hii niliyoivunja ilikuwa ya sita. Nilifanya hesabu hiyo kichwani huku nikiwatazama watu wawili ambao nilikuwa nimewajua tangu kuzaliwa, na sikumjua yeyote kati yao.

"Ulinipa ileile?" baba mdogo akauliza.

"Ulikuwa na haraka."

"Nilikuwa na haraka, ndiyo. Sikuwa na haraka ya kufa."

Nilingoja tusi. Kwa miaka yote ile, jambo lolote lililotokea kati yao, msiba au mavuno, lilipokelewa kwanza kwa tusi. Nilitamani alitoe: Muha wewe, mchawi wewe, mla maharage. Baba naye alilingoja, nilimwona shingo yake imejiandaa. Baba mdogo akaokota bushi iliyopasuka, akaifunga kwenye kitambaa chake, taratibu, pembe kwa pembe.

"Asante, fundi," akasema. Akatoka.

Fundi. Kama mteja yeyote.

Baba alikaa kwenye kigoda. Kisha akaniambia, "Nenda ufukweni ukawaambie watu boti haiondoki leo."

"Nenda mwenyewe."

Alinitazama. Hatujalelewa kumjibu mzazi hivyo, na nilijua ninachokifanya. Akanyanyuka, akafuta mikono yenye mawese kwenye suruali, akaenda. Nami nikamfuata nyuma, kwa sababu nilitaka kusikia atasemaje. Nilikuwa na hasira iliyonifanya nione kila kitu kwa ukali, kila jiwe, kila gamba la samaki lililokauka njiani. Nilijiambia: atasema sasa. Atasimama mbele ya watu wake na atasema, na mimi nitaweza kuendelea kuwa mwanawe.

Abiria walipomwona fundi wakainuka.

"Mwakeye," baba akawasalimu, Kiha cha nyumbani, ingawa ilikuwa alasiri na salamu hiyo ni ya asubuhi. Ndivyo alivyokuwa amechanganyikiwa. Kisha akasema, "Kuna hitilafu kidogo ya injini. Leo haitawezekana."

Hitilafu. Neno la redioni, lisilo na mtendaji.

Kelele zikapanda. Mzee mmoja aliyekuwa na mifuko ya saruji akataka kujua nani atailinda usiku kucha na mvua ikija. Mwanamke mwenye kuku akasema kuku wake wawili wameshazimia kwa jua na huu ni uuaji. Na kwa kuwa neno hitilafu halikuwa na mwenyewe, wakamtafutia. Baba mdogo alikuwa amesimama kando ya boti, maji yanamfika magotini, boti ikiyumba, anashusha mizigo aliyokuwa ameshaipakia.

"Mwenye boti ndio huyo!" mtu akapiga kelele. "Boti mbovu anaijua, anatuita tu tujae!"

"Bahili! Injini anaifunga kwa kamba!"

"Siku moja utatuua, mzee, na Mungu anakuona!"

Baba mdogo alimtolea mama mdogo godoro lake kutoka kwenye rundo, akampa pole kwa mtoto. Kisha akawageukia wote. Alitupita kwa macho, baba na mimi, bila kusimama kwetu.

"Nisameheni, jamani," akasema. "Kosa langu. Nilitakiwa kukagua mapema."

Na baba yangu, ambaye alisimama hatua tano kutoka kwake, alitikisa kichwa kukubali, pamoja na abiria. Alitikisa kichwa. Sijui kama alijua anafanya hivyo.

Mama mdogo akanishika mkono. "Kwani ni nini hasa? Wewe si ulikuwa bandani?"

Nilikuwa bandani. Nilijua mara tano, nilijua mara sita, nilijua tupa. Nilikuwa na sauti iliyoweza kumwita mtu mwongo saa moja kabla. Nikamwambia, "Hitilafu, mama. Lete mtoto, tutapanda bodaboda." Nikabeba godoro.

Boti ilipata kwa bahati bushi mpya iliyokuwa imeingia mjini wiki hiyo, na iliondoka siku ya tatu. Ilifika salama, na inaendelea kufika salama, kwa hiyo hapa Katonga hakuna anayejua kwamba kulikuwa na jambo. Baba alirudi kazini wiki iliyofuata na akaanza kupiga nukta mwenyewe, kwa kuwa mimi nilikataa. Watu wanazisoma na kuziamini kama zamani. Nikipita na kusikia panchi ikigonga, meno yangu yanauma.

Ilinichukua mwezi mzima kwenda Rusimbi kumwomba baba mdogo radhi. Nilimkuta uani anashona wavu ambao hakuuhitaji. Nilipiga magoti, nikasema lile neno nililomwita, nikasema nalirudisha. Alisema ameshanisamehe palepale, kwani mtoto hujibu kwa ajili ya baba yake. Nikaona hapo ndipo pa kuuliza.

"Kwa nini hukusema? Walikutukana wewe."

"Ningesema nini? Kwamba nimelishwa bushi iliyooza na rafiki yangu? Hiyo nayo ni sifa?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Unajua kinachoniuma," akasema, "si bushi. Angeniambia siku ile kabla ya Ramadhani, 'Sina.' Neno moja. Ningemtukana matusi ambayo wewe hujawahi kuyaandika. Ningewatukana hadi mababu zake. Halafu ningekaa pale bandani kwenu, ningekunywa chai yenu, na ningengoja bushi ije hata mwezi."

Nilirudi Katonga kwa miguu, njia nzima jua usoni. Baba alikuwa amekaa mlangoni anasafisha kalibu kwa kitambaa. Nikasimama mbele yake nikamwambia maneno yale yote, kwa mpangilio uleule, bila kupunguza, hata yale ya mababu. Alisikiliza hadi mwisho. Kitambaa kiliendelea kuzunguka ndani ya tundu, kinazunguka, kinazunguka, ingawa lilikuwa limekwisha kung'aa.

"Alisema angengoja?" akauliza.

"Alisema angengoja hata mwezi."

Nilimwacha hapo. Sikutaka kuuona uso wake, na sikutaka kumwonea huruma.